Faiba Mtaani: Tafuteni Njia Kwanza, Kebo Baadaye



Siku hizi ni nadra mwezi kuisha bila kikundi kutujia na swali lile lile. Wako na kompyuta nne au tano walizopewa, wako na chumba kwenye ploti fulani, shule ya chekechea iko ng'ambo ya mtaro, na wale wa kikundi cha akiba wana ofisi kule juu karibu na steji. Wanataka mashine zote zizungumze. Basi mmoja wao, mara nyingi kijana aliyesomea kompyuta kidogo, anasimama na kusema, "Tupitishe faiba." Watu wanapiga makofi, na katibu anaandika kwenye kumbukumbu kwamba mwekahazina aende mjini kuuliza bei.

Hapo ndipo tunapowasimamisha. Bei ya kebo ni swali la mwisho. Tumeifanya kazi hii na vikundi vya Kibera na Kawangware, na mara kadhaa tumekosea kwa kutumia pesa za watu ambao hawakuwa na pesa za kukosea nazo. Makosa yenyewe hayakuwa ya ufundi sana. Yalikuwa ya njia: waya umepita wapi, na mahali hapo ni pa nani.

Mtandao wenu wenyewe

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mtandao wa mtaani si intaneti. Ni mashine zenu zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, hata kama hakuna laini ya kwenda nje. Mwalimu akiweka masomo kwenye kompyuta moja, watoto wa madarasa mengine wanayafungua bila kununua bando. Mwekahazina akiingiza hesabu za akiba, katibu anaziona akiwa ofisi ya pili. Intaneti ikihitajika mnaileta mahali pamoja, kama mfereji wa maji kwenye ploti, na gharama mnagawana.

Kibera mfano uko. Taasisi ya Tunapanda, inayofundisha vijana kompyuta, ilianzisha TunapandaNET katikati ya miaka ya 2010, mtandao uliounganisha shule na vituo vya vijana. Shule hizo zilipata kutumia Kolibri, programu ya masomo inayofunguka hata kama intaneti haipo. Angalieni kwamba wao waliunganisha kwa redio, yaani antena juu ya paa, si kwa faiba. Tutarudi hapo baadaye.

Faida ya kuwa na kitu chenu hapa hapa ilionekana Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikatambaa kama konokono Afrika Mashariki yote. Lakini somo lililokuwa ndani ya kompyuta ya shule halikuwa na haja ya kuvuka bahari.

Faiba ni kitu gani?

Faiba ni uzi wa kioo. Kioo pamoja na ganda lake, ambalo pia ni la kioo, ni unene wa moja ya nane ya milimita, karibu na unywele. Katikati kabisa kuna njia nyembamba zaidi ambamo mwanga unapita. Mashine ya upande mmoja inawasha na kuzima mwanga wa leza, hata mara bilioni moja kwa sekunde, na mashine ya upande wa pili inausoma. Ndani ya kioo mwanga unakimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Nyuzi kadhaa zikifungwa pamoja ndani ya mpira mgumu ndipo tunapata kebo.

Ni kitu kile kile kilichofika Mombasa mwaka 2009 kwa kebo za TEAMS na SEACOM. Kabla ya hapo, mawasiliano yetu ya kwenda ng'ambo yalitegemea setilaiti, kupitia kituo cha Longonot kilichoanza kazi mwaka 1970. Kwa hiyo msiogope faiba kama kitu cha wakubwa. Uzi uliolala chini ya bahari na ule wa kuvuka mtaro wa Gatwekera ni ndugu.

Jinsi tulivyochoma mashine

Kabla ya kujua haya tulitumia waya wa shaba, ule wa kompyuta wenye nyuzi nane ndani. Ulikuwa mradi wa kikundi kimoja cha Kibera. Kutoka chumba cha kompyuta hadi chekechea palikuwa na mita kama 140, na waya huo umeundwa kwa mita 100 tu. Tulilijua hilo. Tukaamua kuweka kisanduku cha kugawa katikati ya njia, kwenye kibanda cha mama mmoja muuza mboga, tukampa kitu kidogo kwa ajili ya stima.

Wiki mbili za kwanza kila mtu alifurahi. Wiki ya tatu ikanyesha. Stima ya kile kibanda ilikuwa ya kuunganishwa kienyeji, ile watu wanaita sambaza, na mabati yakawa na stima. Waya wetu ulikuwa umelazwa juu ya mabati hayo. Ukaibeba stima mpaka chumba cha kompyuta, mashine mbili zikaungua, na kijana aliyekuwa ameushika waya akarushwa chini. Mashine tulizichangia tena. Kuhusu yule kijana, aliamka, lakini mama yake alikuja ofisini kwetu na swali ambalo hatukuwa na jibu lake.

Hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kuipenda faiba kati ya nyumba na nyumba. Watu wanasema ni kwa sababu ya kasi. Kasi ni nzuri, lakini kompyuta tano za chekechea hazina haraka hiyo. Kioo hakibebi stima. Radi ikipiga upande huu, au mabati yakiwa na stima upande ule, uzi wa kioo hauipitishi kwenda kwa jirani.

Lakini hapo pia mjihadhari. Kebo nyingi za nje zina waya wa chuma pembeni wa kubebea uzito, na nyingine zina ganda la chuma la kuzuia panya. Hizo zinabeba stima vizuri sana! Dukani msiseme tu "faiba ya nje". Semeni mnataka isiyo na chuma chochote ndani, inayobebwa na nyuzi ngumu za plastiki. Muuzaji akiwaambia ni sawa tu, mwombeni akate kipande mkione.

Njia ni ya nani?

Sasa tumefika kwenye shina la jambo. Kibera na Kawangware ziko kilomita chache tu kutoka moja hadi nyingine, na mgeni akiona mabati anafikiri ni mtaa mmoja. Kwa mtu anayepitisha kebo ni nchi mbili tofauti.

Kibera sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali. Mtu anayeitwa landilodi ana nyumba, si udongo ulio chini yake. Upande wa Makina jamii ya Wanubi walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017, hapo mambo ni mengine. Kwingineko, ruhusa mnayopewa na mwenye nyumba ina nguvu siku zote nyumba ikiwa imesimama, na haizidi hapo. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Maelfu ya watu walibaki bila nyumba, na shule zilivunjwa pamoja nazo. Kebo iliyopigiliwa kwenye ukuta huenda na ukuta.

Kuna reli pia. Watu waliokuwa wakiishi na kuuza kando kando ya reli walihamishwa katika mradi wa miaka ya 2010, na eneo hilo ni la Shirika la Reli. Msivushe kebo juu ya reli kwa mazungumzo na walinzi wa zamu. Kuna na mto. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliagiza watu walio ndani ya mita 30 za kingo za mito ya Nairobi wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Kwa hiyo njia ya bei rahisi kule bondeni, ambako hakuna landilodi wa kukusumbua, ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Kawangware shida ni kinyume chake. Ardhi kubwa ni mashamba ya zamani ya familia, yamekatwakatwa kuwa ploti zenye hati. Hakuna anayekuja na tingatinga la barabara kila mwaka, ila kila ploti ina mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi haishi hapo. Mnayemwona ni mwangalizi wa ploti, naye atakubali haraka sana kwa sababu si yake.

Tuliwahi kukubaliana na mzee mmoja kwa mdomo, tukanywa naye chai, tukapitisha kebo nyuma ya vyumba vyake. Mwaka uliofuata akafariki. Wanawe wakauza, mnunuzi akaanza gorofa, na asubuhi moja kebo ilikuwa imelala kwenye kokoto vipande vipande. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Kwa haki, mnunuzi naye hakuwa na habari kwamba ile kamba nyeusi ilikuwa ya watu. Nyumba za mabati zinageuka magorofa Kawangware kila unapopita, basi hili litatokea tena.

Siku hizi tunaandikishana. Karatasi moja inatosha: jina la mwenye ploti na namba ya kitambulisho, mchoro wa pale kebo inapopita, neno kwamba kebo ni mali ya kikundi, na ahadi kwamba mwenye ploti akitaka kujenga au kuuza atatupa notisi ya siku 30 tuihamishe. Shahidi awe chifu au mzee wa kijiji. Nakala tatu. Kama mwenye ploti anataka kulipwa kitu, kiandikwe hapo hapo, kisije kikapanda kila mwezi.

Kwa upande wa barabara, msichimbe kwa sababu tu hakuna anayewaona. Barabara za mjini ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini au chini ya Kaunti, na chini yake kuna paipu za maji za watu. Nguzo za stima pia zina mwenyewe. Mkifunga kebo bila ruhusa itakatwa, tena na mtu aliye katika haki yake. Na msisahau vijana wa kona. Kila kichochoro kina vijana wanaoona kila kinachopita. Ukiwaruka watakuwa adui wa kebo. Ukiwapa kazi ya kuchimba na kuvuta, kwa malipo ya kawaida, ndio wanaopiga simu usiku ikikatika.

Kutembea na kuchora

Kabla ya pesa kutoka, tembeeni njia nzima kwa miguu. Wawe watatu: mzee wa kijiji, fundi, na mtu wa kuandika. Bebeni kamba iliyofungwa fundo kila mita 10. Tembeeni mara moja kukiwa kukavu na mara ya pili baada ya mvua, kwa sababu kichochoro cha Januari si kichochoro cha Aprili. Andikeni kila ukuta ni wa nani. Mkiona ukuta umechorwa X nyekundu, msipigilie msumari hapo, hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba hiyo ni ya zamani.

Chagueni kitovu. Kiwe jengo ambalo mna hakika litakuwepo miaka 10 ijayo: zahanati, shule yenye hati, jengo la parokia. Tumeona vikundi vikiweka kitovu nyumbani kwa mwenyekiti. Uchaguzi ukija na mwenyekiti akianguka, mtandao unaanguka naye.

Kutoka kitovuni, kebo ya nyuzi ngapi? Hapa watu hubana pesa mahali pabaya. Mashine mbili zinahitaji uzi mmoja au mbili tu, basi kikundi kinanunua kebo ya nyuzi 2. Lakini jasho lote lilikuwa kwenye njia: barua, chifu, kuchimba, kuvuta. Kebo ya nyuzi 12 inapita kwenye njia ile ile kwa jasho lile lile, na bei haiongezeki mara sita. Kila uzi una rangi yake, na kwa mpango unaotumiwa sana mnaanza na bluu, chungwa, kijani, kahawia. Uzi mmoja ukivunjika mnahamia mwingine. Chekechea ya pili ikitaka kuingia, njia ipo.

Kuna kifaa kingine tunachokipenda, kigawanya mwanga. Ni kisanduku kidogo kinachochukua mwanga wa uzi mmoja na kuugawa kwa nyuzi mbili, nne, nane au zaidi. Hakitumii stima kabisa. Mnakumbuka kibanda cha mama mboga? Kingekuwa na kisanduku hiki, hakuna ambacho kingeungua. Ila kila mkigawa kwa mbili, kila upande unapata nusu, na kidogo kinapotea. Kugawa kwa nane ni kupunguza nusu mara tatu. Mashine za mpango huu huweza kuhudumia nyumba 32 kwa uzi mmoja, hata umbali wa kilomita 20. Sisi kwa mtaani tunaishia nane na kuacha nafasi.

Kwa umbali wetu, kioo chenyewe hakipotezi mwanga sana. Kilomita nzima inakula chini ya sehemu moja ya kumi. Kinachokula ni uchafu kwenye vichwa vya kuunganishia, na kona kali. Wakati wa kuvuta, kona isiwe kali kuliko mara 20 ya unene wa kebo. Ikishatulia, mara 10. Kebo ya unene wa milimita 8 basi isipinde chini ya sentimita 16 mkiwa mnavuta. Msiikunje kama kamba ya kuanikia nguo. Na katika kupima ongezeni mita 10 za kuviringisha kila mwisho na katikati. Siku itakapokatika, na itakatika, mtavuta kutoka kwenye hizo badala ya kununua upya.

Pale faiba inaposhindwa

Kuna mahali tunasema hapana. Kuvuka reli, kuvuka mto, kupita kwenye nyumba zilizotiwa alama, au kutoka Kibera hadi Kawangware, ambako katikati kuna Ngong Road na mitaa ya watu wengine kabisa. Hapo tumieni redio. Antena mbili zikionana bila kizuizi zinatosha. Kibera inateremka kuelekea bwawa la Nairobi, basi mtu wa chini na mtu wa juu huonana vizuri, ila msubiri gorofa lisiote katikati. Nyumba ikipewa notisi, antena unaifungua kwa saa moja na kuondoka nayo. Kebo ya ukutani huwezi. Tunavyoona sisi, mtandao ulioanza kwa redio Kibera ulianza mahali penye akili. Faiba iwe ndani ya uwanja wa shule na kwa majirani wenye karatasi. Redio ivuke pale pasipo na mwenyewe au penye wenyewe wengi.

Jambo la leseni ni fupi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na jamii yenyewe (msichanganye na mitandao ya kijamii ya kuweka picha). Mkiwa mnaunganisha vyumba vyenu tu kwenye uwanja mmoja, hilo ni la ndani. Mkianza kuvuka kwenda kwa watu wengine na kuwatoza pesa, nendeni mkaulize kabla, mkiwa na cheti cha kikundi.

Siku ya kazi

Mashine ya kuunganisha nyuzi kwa kuziyeyusha ni ghali. Msinunue, mwiteni fundi aliye nayo kwa siku moja na kazi zote ziwe tayari. Vipande vya kioo vinavyokatwa viingie kwenye chupa yenye kifuniko. Ni vyembamba hata havionekani, vikiingia kwenye ngozi au jicho ni hospitali. Hakuna kula chapati kwenye meza hiyo, na watoto wakae nje. Mtu yeyote asichungulie mwisho wa uzi kuona kama mwanga unafika. Mwanga huo jicho haliuoni, lakini wenyewe unaliona jicho.

Kila mita chache bandikeni maandishi: FAIBA, HAKUNA SHABA NDANI. Wezi wa vyuma chakavu hukata kwanza kisha ndipo waangalie. Wizi wa nyaya na vyuma ulifika mahali serikali ikasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu Januari 2022, kisha ikairuhusu tena mwaka huo huo kwa masharti. Maandishi hayazuii kila mtu, ila yametupunguzia.

Na mwekahazina atenge kitu kila mwezi kwa ajili ya kukatika, kabla ya kununua kompyuta ya sita. Kila kazi iandikwe kwenye daftari: kebo imepita wapi, rangi gani imeunganishwa na nini, ni nani alitia sahihi na lini. Tumewahi kumlipa fundi siku mbili za kutafuta uzi wa kijani ambao aliyeuunganisha alikuwa amehamia Nakuru. Daftari likae kwa katibu, na nakala yake kwa mtu asiyeishi naye ploti moja.